Mwalimu Mkuu Alipokwenda Laivu

Nilipewa kazi ya ukurasa wa shule kwa sababu nilikuwa nimeshika simu mkutanoni. Sababu nyingine haikuwapo, wala mwalimu mkuu hakuitafuta. Alikuwa ametoka ofisi ya elimu Kwale, akatukusanya walimu wote na kutueleza kwamba siku hizi shule isiyoonekana mtandaoni ni sawa na shule isiyokuwapo. Kisha akatazama huku na huku, akaniona nimeinamia simu, akasema, "Mwalimu huyu tayari yuko huko." Wenzangu wakapiga makofi kwa furaha ya watu walioponea chupuchupu. Mimi nilikuwa nikimtazama mwanamke mmoja akifundisha jinsi ya kukaanga bajia zisinywe mafuta.

Ningecheka nao, lakini mwalimu mkuu alikuwa na habari ya pili, na hiyo haikuchekesha. Shule yetu iko kando ya barabara, baina ya Msambweni na Shimoni. Gredi ya saba tulikuwa nayo, ila ilikuwa ikizidi kukonda, kwa kuwa wazazi waliwapeleka watoto kwingine mara tu walipomaliza gredi ya sita. Afisa wa elimu alikuwa ametamka wazi: siku ya kufungua shule mwakani angekuja mwenyewe kuhesabu vichwa. Vikipungua ishirini, gredi ya saba inafungwa. Watoto watahamishiwa shule ya ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa kumchosha mtu mzima, na mwalimu wa darasa atapelekwa kunakohitajika walimu.

Mwalimu wa darasa nilikuwa mimi. Na kunakohitajika walimu, nilivyoambiwa, kulikuwa Mackinnon Road.

Sina ugomvi na Mackinnon Road. Nimepita huko, nimeona malori yamejipanga na watu wakifanya biashara zao bila kunihitaji. Lakini mimi nimezaliwa huku, mamangu yuko huku, na kuta za darasa lile nilizipaka rangi kwa mikono yangu likizo nzima. Sikutaka kuondoka. Nasema hivyo mapema ili ijulikane kwamba yote niliyoyavumilia baadaye sikuyavumilia kwa upole wa tabia. Mimi si mpole.

Nikaanza kwa kupeleleza wapinzani. Shule moja ya kulipia upande wa Diani ilikuwa na ukurasa uliojaa picha zilizopigwa kutoka angani, watoto wamevaa tai, wanaogelea, wanapiga vinanda. Nikamwonyesha mwalimu mkuu. Akazitazama picha zile kwa makini, akanirudishia simu, akasema, "Hawana picha ya choo."

Basi picha yetu ya kwanza ikawa choo kipya cha wavulana. Alikuwa amekipigania choo kile kwa muda mrefu, na hakuona kwa nini ulimwengu usikione. Nilijaribu kumvuta kwenye maktaba, ambayo ni kabati, lakini ni kabati zuri. Akakataa katakata. Maneno ya kuandika chini ya picha alinitamkia moja moja, mikono ameifunga nyuma: "Choo chetu kipya. Nyote mnakaribishwa."

"Mwalimu, watu watacheka."

"Mtu akikaribishwa hufurahi, mamangu. Andika."

Vidole gumba vilimiminika. Mzee mmoja akauliza kwenye maoni kama ruhusa hiyo ni ya siku zote au ni Jumatatu hadi Ijumaa tu.

Picha ya pili niliipiga mimi, asubuhi gwarideni. Niliwaambia watoto watabasamu. Watoto wetu ukiwaelekezea kamera hukaza shingo na kuzuia pumzi, kwa hiyo walitoka wote wamekodoa macho, kama watu walioitwa polisi. Na nyuma yao, chini ya mlingoti wa bendera, alikuwa amelala mbuzi. Sikumwona wakati wa kupiga. Watu walimwona. Maoni yote yalikuwa ya mbuzi: ni beberu au jike, ana mimba au ameshiba. Jioni mwanamume mmoja akafika shuleni na kamba mkononi, akashukuru sana, akasema amemtafuta mbuzi wake hadi akakata tamaa. Tangu siku hiyo akawa mfuasi wetu mwaminifu, na akawaambia wenzake. Haukupita muda ukurasa wetu ukawa na wafuasi wengi ajabu, wengi wao watu waliopotelewa na mifugo. Mmoja alituandikia kutoka bara ndani, Kinango huko, akimuulizia punda wake. Mzazi wa kutuuliza habari za gredi ya saba, nilizokuwa nimeziandika juu kabisa ya ukurasa, hakutokea.

Nilikasirika. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba muhula unayoyoma na sisi tunafungua zizi. Ajitokeze yeye mwenyewe, aende laivu, watu wamwone na kumsikia, awaeleze waziwazi kwamba darasa litafungwa wasipoleta watoto. Maana yeye ni mtu wa kupendwa. Ni mwenyeji wa pwani hii, karibu astaafu, anavaa koti hata jua likiwa la kuchoma, na kutoka getini hadi ofisini humchukua nusu ya kipindi cha kwanza kwa sababu hampiti mtu bila kumjulia hali. Mpishi, mtoto, mpita njia, wote. Hapo ndipo ningepaswa kusita na kufikiri. Sikufikiri.

Tukachagua Ijumaa, baada ya swala ya mchana. Alikuja na kanzu nyeupe, koti juu yake, kofia, na karatasi ya hotuba aliyoiandika kwa mkono. Nikaegemeza simu kwenye rundo la vitabu juu ya meza. Nikamfundisha: tazama hapa, sema salamu moja ya jumla, kisha ingia moja kwa moja kwenye gredi ya saba. Bando si nyingi. Akaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza.

"Asalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh," akasema.

Kwenye maoni ukatokea mstari wa kwanza: "Waalaikum salaam mwalimu, shikamoo." Nilikosea nikausoma kwa sauti.

"Marahaba, mwanangu," akasema mwalimu mkuu, uso ukamchangamka. "Hujambo? Watoto hawajambo? Na mama yako, ule mguu umepoa?"

Yule mtu akaandika kwamba mguu umepoa, alhamdulillahi. Mwalimu mkuu naye akashukuru. Wakati huo salamu nyingine nne zilikuwa zimefika. Watu walikuwa wameona kwamba mwalimu mkuu anajibu, anataja mtu na mama yake, na dunia nzima inasikia. Nani asingetaka? Wakaja kwa fujo. Masalkheri mwalimu. Wambaje mwalimu. Salamu kutoka Vanga. Salamu kutoka kwa jirani ambaye simu yake imeanguka kisimani. Nikaacha kusoma kwa sauti, akavaa miwani na kusoma mwenyewe.

"Mwalimu," nikanong'ona pembeni ya kamera, "gredi ya saba."

"Subiri, kuna mtu hapa amefiwa," akasema, na akamtolea pole ndefu yenye dua ndani yake. Watu wakaitikia amin kwenye maoni, mmoja mmoja, na kila aliyeitikia akaongeza shikamoo.

Nikamkanyaga mguu. Akageuka mbele ya watu wote, akaniambia kwa sauti ya upole iliyonichoma zaidi ya ukali, "Mamangu, mtu anakusalimu, wewe unamwambia habari za darasa? Kwani umelelewa wapi?" Mamangu mzazi alikuwa akitazama. Akaandika kwenye maoni: "Nisamehe mwalimu, nilimlea vizuri."

Hatimaye akafungua karatasi. Akakohoa. Akasema, "Sasa, ndugu zangu, kuhusu gredi ya saba," na bando ikakatika.

Nilitoka nje nikazunguka shule mara moja kwa hasira. Niliporudi nimeweka bando nyingine, nilimkuta ameketi palepale, amevua kofia, anatazama ukurasa. Salamu zilikuwa zimeendelea kuingia baada ya sisi kukatika. Safu ndefu. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

"Hawa wote wamenisalimu," akasema, "nami nimewafungia mlango usoni."

"Nitawaandikia. Nitaandika: salamu zenu zote zimepokelewa, asanteni."

Alinitazama kama mtu aliyetia mate kwenye sufuria ya pilau. Akasema watu wale walimwona uso, wakausalimu uso, na uso ndio wenye wajibu wa kurudisha. Nikamwambia kwamba hivyo ndivyo mtandao ulivyo, hakuna anayetarajia jibu. Akasema, "Wale wa mtandao sijui. Hawa ni majirani zangu." Jumatatu yake, masomo yalipokwisha, akaita bodaboda mbili.

Hivyo ndivyo nilivyotumia wiki za mwisho za muhula, muda ambao ningepaswa kuwa natafuta wanafunzi: nikizunguka na mwalimu mkuu nyumba kwa nyumba kujibu salamu. Kazi yangu ilikuwa kutambua nani ni nani, na haikuwa nyepesi, kwa sababu watu mtandaoni hawajiiti walivyoitwa na wazazi wao. Mmoja alijiita jina la ua, na picha yake ilikuwa ua hilohilo. Tulimtafuta kwa wasichana wote wa kijiji. Akawa muuza nyama mwenye masharubu, baba wa pacha, ambaye aliona haya hadi akatufungia utumbo bure.

Kila nyumba ilikuwa ileile. Hodi, karibu, mwalimu mkuu anasimama mlangoni na kusema, "Ulinisalimu Ijumaa, simu ikanikatia. Marahaba." Mwenye nyumba anashika mdomo. Kisha tunaketishwa, maana huwezi kuja kujibu salamu ukaondoka umesimama, na kunaletwa chai, mihogo, mahamri, madafu, nami nakula kwa hasira. Nilinenepa.

Na darasa? Hakulitaja hata mara moja. Hilo ndilo lililonitoa roho. Nilikuwa nikimkonyeza, nikikohoa, nikisema kwa sauti, "Naona mna mtoto mkubwa hapa, mashaallah, yuko gredi gani?" Yeye akibadilisha mazungumzo. Siku moja tukiwa njiani nikalipuka kabisa. Nikamuuliza kama anajua kwamba mimi naenda Mackinnon Road na yeye anakunywa chai.

"Najua," akasema. "Na silali vizuri. Lakini nikiingia kwa mtu na salamu, halafu nikatoa shida yangu mfukoni, ile haikuwa salamu tena. Alinisalimu bure, nimjibu bure. Habari za darasa wewe umeziandika ukurasani, wote wanazo."

Nikarudi kwenye bodaboda yangu, nikamwambia dereva aendeshe.

Tulivuka hata Wasini. Mwalimu mkuu, mtu wa pwani tangu babu wa babu yake, hutapika akiona maji yakitikisika. Kutoka gati ya Shimoni hadi ng'ambo ni karibu, unaweza kuona nguo zilizoanikwa, lakini alikwenda amefumba macho akiwa ameshika koti langu la mvua. Tulipofika kwa bibi aliyetusalimu kupitia simu ya mjukuu wake, hakuweza kutamka. Aliinua mkono tu. Bibi akawaita majirani wote: "Njooni mumwone huyu! Amevuka maji, amejitapikia hali hii, ati aje kujibu salamu yangu!" Akamwosha uso kwa mikono yake mwenyewe.

Akabaki mmoja. Huyu alikuwa mkulima aliyetoka bara, aliyehamia mashamba waliyogawiwa wageni nyuma ya shule yetu. Alilima mahindi na kufuga ng'ombe, na sifa yake kijijini ilikuwa ng'ombe hao kuingia mashamba ya watu. Kutoka mlangoni kwangu naliona bati la nyumba yake. Sikuwahi kufika. Alikuwa na binti aliyekuwa akimaliza gredi ya sita, na ilisemekana anampeleka kwa bibi yake bara akasome huko. Siku ya laivu alikuwa ameandika neno moja: "Niaje."

Mwalimu mkuu alilitazama neno lile kwa muda. "Hii nayo ni salamu?"

"Ni salamu. Ya vijana, na ya watu wa bara."

"Hujibiwaje?"

"Poa."

"Poa, halafu?"

"Basi. Poa."

"Hakuna kuuliza nyumbani? Hakuna watoto?"

"Hakuna, mwalimu."

Akamhurumia yule mtu. Njia nzima nilimsikia kwenye bodaboda ya mbele akijizoeza: poa nzito, poa nyepesi, poa ya kuvuta. Dereva wake alikuwa akimsahihisha.

Tulimkuta mkulima uani, panga mkononi, anakata majani ya ng'ombe. Alipotuona alinyanyuka mara moja, uso umekaza. "Kuna nini? Ni ng'ombe? Wameingia kwa nani tena?"

Mwalimu mkuu akafunga vifungo vya koti, akasimama wima, akasema kwa heshima yote ya cheo chake, "Poa."

Ng'ombe mmoja akakohoa. Yule bwana akanigeukia mimi. "Madam, mzee ako sawa?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, maana nilikuwa nazuia kicheko na machozi yananitoka. Mkulima akasikiliza, akaweka panga chini polepole. "Yaani mmetoka huko shule, mkakuja hapa, kuniambia poa?"

"Ulinisalimu, bwana. Niwie radhi kwa kuchelewa," akasema mwalimu mkuu. Kisha nikaona anashindwa kujizuia, salamu fupi vile imemkaa vibaya. "Na nyumbani, poa?"

"Poa."

"Ng'ombe, poa?"

"Ng'ombe poa."

"Mahindi?"

"Mahindi si poa sana, mzee. Ni nyani."

Tukaketishwa. Habari za nyani zilichukua jioni yote. Mwalimu mkuu alimweleza jinsi babake alivyokuwa akiwafukuza, mkulima akaonyesha ua aliouzungushia shamba na jinsi walivyoudharau. Binti alileta uji, akasalimu, akaenda zake. Nilisubiri. Nilimkonyeza mwalimu mkuu hadi jicho likauma. Akamaliza uji wake, akashukuru, tukaondoka. Shule haikutajwa hata kwa bahati mbaya, nami usiku ule nilimwambia mama aanze kunikusanyia vitu vya kubeba.

Siku ya kufungua shule afisa wa elimu alifika mapema. Alikuwa mtu mwenye haraka, mwenye miwani ya jua, na alinifuata hadi mlango wa darasa akitazama saa. Nikafungua. Nilikuwa nimejiandaa kuona madawati matupu.

Pacha wa muuza nyama walikuwa wameketi mbele, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Nyuma yao mjukuu wa yule bibi wa Wasini, aliyeletwa akae kwa shangazi yake karibu na shule. Mtoto wa mwenye mbuzi. Mtoto wa yule aliyefiwa. Nyumba baada ya nyumba, chai baada ya chai, walikuwa wameketi pale na yunifomu zenye mikunjo ya dukani, wananitazama. Nikasahau hata kuwaambia wasimame.

Afisa akahesabu. Akahesabu tena kutoka nyuma. Nami nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo, na mara moja nilifika ishirini, lakini nilikuwa nimejihesabu na mimi.

"Kumi na tisa," akasema. "Nasikitika, mwalimu. Mmekaribia sana."

Mwalimu mkuu hakuomba. Nilitamani aombe. Nilitamani apige magoti na kanzu yake. Alisema tu, "Umefanya kazi yako, bwana," na sauti yake ilikuwa imepwaya. Mimi nilianza kulia palepale mbele ya darasa, kilio cha aibu, cha kamasi. Pacha wakaanza kulia pia kwa kunionea huruma.

Afisa alikuwa amekwisha kufunga kalamu aliposimama mtu mlangoni. Alikuwa mkulima, buti zina tope, jasho linamtoka, na binti yake nyuma yake amevaa sketi ndefu kuliko miguu yake.

"Poleni, tumechelewa. Nyani," akasema. Akatazama watu wanaolia, akatazama afisa, akaona ni vyema aeleze. "Huyu msichana nilikuwa nimpeleke kwa bibi yake. Hapa sina mtu. Miaka yote nimekaa huku, mtu akikuja kwangu ni ng'ombe wangu amekula kitu. Nikiona watu kwa njia ya nyumba, nashika panga kwanza." Akamwonyesha mwalimu mkuu kwa kidevu. "Huyu mzee alikuja kunisalimia tu. Nilingoja atoe shida yake. Akakunywa uji, akaenda. Mama yake huyu akaniambia, mtoto haendi mahali."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akaivua tena.

Afisa akafungua kalamu. Akaandika, akamtazama yule binti, akaandika tena, kisha akaniambia nijifute uso, nina darasa la kufundisha.

Madawati yalikuwa yamejaa yote. Nikavuta kiti changu kutoka mezani, nikamwekea binti karibu na dirisha, akaketi. Somo la kwanza nilifundisha nimesimama.